Kimya cha Wimbo wa Tatu

Mzee Mansukhlal hakuwa mtu wa kuingia uani mwa watu. Kwa miaka yote aliyouza kanda pale Mtaa wa Msimbazi, mwenye shida naye alimfuata dukani, akasimama mbele ya kaunta na kusubiri. Kwa hiyo Jumanne ile ya mwaka tisini na nne, alipoonekana anapita kwenye ukumbi wa ile nyumba ya Gerezani, amekunja suruali isiguse maji ya dagaa, wapangaji wa vyumba vyote sita walichungulia. Pantaleo alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu, machozi yanamtiririka, na kisu hakuwa na pa kukificha.

Tangu shirika limpunguze kazini, Pantaleo alikuwa msaidizi wa mkewe. Candida alipikia wachukuzi wa sokoni chakula cha mchana, wali na maharage na kisamvu cha nazi, na mumewe ndiye aliyeosha sahani. Wachukuzi nao hawakuwa na simile. Mtu aliyewahi kupiga gitaa la umeme mpaka wasichana wa Upanga wakazimia, leo anaambiwa, "Baba Severine, sahani yako hii ina povu." Usiku hakulalamika, mchana hakulalamika, lakini kila sahani aliyoisugua ilikuwa kama inamsugua yeye.

"Shikamoo mzee," Candida alisema, akaegemeza mchi kwenye kinu.

"Marahaba mwanangu. Endelea, endelea." Mansukhlal alitafuta pa kukaa, hakupaona, akabaki wima. "Panta, hoteli wanawataka Kilovolti."

Kilovolti ilikuwa bendi yao ya roki, na ilikuwa imekufa miaka mitano. Ilichoacha duniani ni kanda moja tu, *Vumbi la Gerezani*, waliyoirekodi mwaka themanini na nane. Mansukhlal alianza kwa kutoa nakala mia mbili. Wenye maduka ya kanda wa Kariakoo nzima wakanakili zile nakala, na wengine wakanakili nakala za nakala, hadi ikawa hakuna harusi wala kinyozi asiyekuwa nayo. Sasa redio mpya ya watu binafsi ilikuwa inaupiga wimbo wake wa tatu asubuhi na jioni.

"Ile hoteli ya upande wa Kivukoni ina mwenyewe mpya," Mansukhlal aliendelea. "Anataka muziki Jumapili hii saa tisa alasiri. Akipendezwa, ni kila Jumapili mwaka mzima. Lakini ana sharti moja. Wimbo wa tatu uwe kama ulivyo kwenye kanda. Dramu ile ile. Na pale panaponyamaza, panyamaze."

Pantaleo alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mara hii hayakuwa ya vitunguu.

Pale panaponyamaza palikuwa pamempa jina mjini. Ubeti wa pili ukiisha, kila kitu kinakatika, gitaa, besi, sauti na dramu, kwa mapigo mawili kamili, kisha vyote vinarudi pamoja kwa kishindo. Vijana kwenye harusi walisimama mikono juu, wakangoja. Vinyozi walizima mashine. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliandika gazetini kwamba kimya kile ni kilio cha mfanyakazi aliyezibwa mdomo na soko huria, na Pantaleo alilikata lile gazeti akaliweka ndani ya sanduku, chini ya cheti cha ndoa.

"Tutakuja," Pantaleo alisema. Candida akaendelea kutwanga.

*

Kitwana, mpiga dramu wa Kilovolti, alikuwa kwenye baa ya nyuma ya soko, na mbele yake kulikuwa na bia mbili ambazo hakuzinunua yeye. Hakuwa amenunua bia tangu mwaka themanini na nane. Kila aliyeipenda kanda alitaka kumkaribisha mtu aliyeipiga dramu ile.

"Mambo, Panta."

"Poa. Kaka, Jumapili tunapiga. Hoteli."

Kitwana alipoelezwa, alisukuma bia pembeni, na hilo peke yake lilimtisha Pantaleo. "Mimi siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Usidhani sijajaribu. Miaka sita najifungia ndani na fimbo zangu. Ule mdundo unataka mikono minne."

Alikuwa anasema kweli. Siku ya kurekodi Kitwana alitumwa Feri asubuhi kununua pweza, akakutana na rafiki zake, akarudi jua linazama bila pweza. Bendi ilimngoja chumbani kwa Pantaleo, magodoro ya wapangaji wote yameegemezwa ukutani ili sauti isitoke, dirisha limeachwa wazi ili watu wasife kwa joto. Mansukhlal alikuwa na mashine yake mpya kutoka Dubai, na maikrofoni moja. Nje, chini ya dirisha, Candida na Celina, mpangaji wa chumba cha mkabala, walikuwa wanatwanga kisamvu cha chakula cha bendi. Walitwanga kama wanavyotwanga kwao Ndanda, kinu kimoja na michi miwili, huu unaingia na ule unatoka.

Walipoambiwa wanyamaze, Candida aliuliza kama bendi inataka kurekodi au inataka kula. Bendi ilitaka kula. Basi Mrisho wa besi, ambaye siku hizi yuko Maskati, akaanza kuifuata michi kwa utani, Pantaleo akamfuata Mrisho, na Mansukhlal akabonyeza kitufe kujaribu sauti tu. Jaribio hilo ndilo likawa kanda. Kesho yake walirudia nyimbo zote wakiwa na Kitwana, wakasikiliza, wakatazamana, wakafuta. Lakini kwenye karatasi ya kanda paliandikwa "Dramu: Kitwana". Bendi ya roki ya magitaa ya umeme ingeandikaje kinu?

Na kile kimya? Kile kimya kilikuwa chafya. Ubeti wa pili ulipoisha, moshi wa kuni uliingia dirishani, Pantaleo akapiga chafya ndani ya maikrofoni, chafya ya mtu mzima. Usiku wake Mansukhlal alirudisha mkanda, akachomoa maikrofoni, akabonyeza kitufe cha kurekodia kwa nafasi ya mapigo mawili. Chafya ikafutika, na kwa kuwa sauti zote zilikuwa kwenye mstari mmoja wa mkanda, vikafutika vyote. "Hakuna atakayejua," Mansukhlal alisema. Kweli hakuna aliyejua. Hata Mrisho, alipokisikia kile kimya, alimpongeza Pantaleo kwa ubunifu, na Pantaleo alipokea.

"Kamwambie mkeo," Kitwana alisema, akaivuta bia yake tena. "Mimi nitakuja kupiga makofi."

*

Pantaleo alingoja wachukuzi waondoke, akaosha sahani zote bila kuambiwa, hata sufuria lililoungua. Candida alimwangalia akisugua.

"Sema," alisema.

"Mama Severine, kuna jambo hulijui. Ile dramu ya kwenye kanda siyo dramu."

Candida alimtazama kwa huruma. "Baba Severine, mimi nisiujue mchi wangu?"

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa buchani, nikajisikia natwanga kwenye redio ya muuza nyama."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Karatasi imeandikwa Kitwana."

Aliisema bila hasira, na hapo ndipo Pantaleo alipoona aibu hasa. Angegombezwa angejua pa kujibia. Akamweleza ya Jumapili, akamwomba, na Candida akatikisa kichwa.

"Peke yangu siwezi, ule ni mdundo wa watu wawili. Na mimi na Celina hatusemeshani."

"Kwa ajili ya lile sufuria?"

"Sufuria gani?"

Kwa miaka sita Pantaleo aliamini kwamba mkewe na Celina waligombana kwa sababu ya sufuria. Hakukumbuka nani alimwambia. Pengine alijiambia mwenyewe, maana ugomvi wa wanawake wa uani alikuwa na kawaida ya kuupatia sufuria na kuendelea na mambo yake.

"Celina alinikatia wimbo," Candida alisema. "Ule wa tatu. Ubeti wa pili ukiisha ni zamu yake, na mchi wake hausikiki. Kakosa zamu, na mimi nikasimama, na nyie na magitaa yenu mkasimama. Nikamwambia kwa utani tu, dada Celina, uliniaibisha mbele ya mji mzima. Akanijibu aliyekosa zamu ni mimi. Mimi. Tangu nikiwa mtoto Ndanda sijakosa zamu kinuni. Nikamjibu, akanijibu, tukafika kwenye ya mama zetu. Mwezi ule ule akahama."

Pantaleo alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na ni neno dogo, mtoto wa chekechea analijua.

"Labda..." alisema.

"Labda nini?"

"Labda nikaongee naye."

*

Celina alikuwa Feri, nyuma ya karai la mafuta, anageuza vibua kwa umakini wa mhasibu. Alimwona shemeji yake kwa mbali akajifanya hakumwona, halafu akampa kibua cha moto ili asipate nafasi ya kuanza kuongea.

"Nimesikia redioni," alisema. "Jumapili mnapiga. Mmekosa michi."

"Wewe pia ulikuwa unajua?"

"Shemeji, mimi nauza samaki hapa kutwa nzima. Wavuvi wanapiga ile kanda. Nakaa hapa najisikiliza." Aligeuza kibua. "Na ninamsikia mkeo anavyokosa zamu. Kila siku anakosa, palepale."

"Celina..."

"Ngoja nikwambie. Aliyekosa ni yeye, lakini hilo ningesamehe. Kosa ni kosa. Mama yangu alipofariki, matanga yote nilikuwa naangalia mlango. Wewe ulikuja. Ulikaa na wanaume, ukala, ukasema mkeo anaumwa. Nikasema ahsante. Nilijua haumwi."

Kibua kilikuwa kinamuunguza Pantaleo vidole na hakukitupa. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini aliiona Jumapili, akaliona jukwaa, akawaona wachukuzi wakisimuliana kwamba Pantaleo wa Kilovolti, yule wa kimya, ni Pantaleo wa chafya. Tusimpake mafuta, aliogopa. Alikula kibua kikamwunguza na mdomo.

"Utakuja?" aliuliza.

"Nitakuja. Nataka watu wasikie nani anajua kutwanga."

*

Mazoezi yalifanyika uani Jumamosi. Urvish, kijana wa Mansukhlal, alileta gitaa la besi, na nyimbo zote alikuwa anazijua kwa kichwa kwa sababu ndizo alizokulia. Wale wanawake wawili walikaa pande mbili za kinu na hawakusalimiana. Maneno yalipita kwa Urvish.

"Urvish, mwambie mwenzangu asogeze mguu," Candida alisema.

"Shangazi anasema usogeze mguu."

"Mwambie mguu wangu haujamzuia."

"Anasema haujakuzuia."

Hayo yaliendelea hadi majani yalipoingia kinuni. Mchi wa Candida ulishuka, ukapanda, wa Celina ukashuka pale pale, na Pantaleo nywele zikamsimama. Miaka sita hawajasemezana, na michi haikugusana hata mara moja. Wapangaji walitoka vyumbani. Mansukhlal alivua miwani akajifuta uso.

Balaa likaja kwenye kimya.

"Hapa mnasimama," Pantaleo alisema.

"Asimame aliyesimama siku ile," Candida alisema.

"Ndivyo hivyo," Celina alisema. "Asimame."

Walirudia mara nne, na mara nne michi haikusimama. Mansukhlal alimvuta Pantaleo kwenye kona ya bafu.

"Waambie," alinong'ona.

"Waambie wewe. Wewe ndiye uliyefuta."

"Nilifuta chafya ya nani?"

"Mzee, tuwaambie baada ya dansi."

"Baada ya dansi," Mansukhlal alikubali, akionekana kupumua. Pantaleo akarudi akawaambia wanawake kwamba kesho atatoa ishara ya kichwa, na kwamba anayesimama kwa ishara ya kiongozi wa bendi hajakosa zamu, ametii. Wote wawili walimjibu sawa, na kwa namna walivyoitikia angetakiwa ajue kwamba hawatasimama.

*

Watu walijaa. Walikuja wa Kariakoo, wa Posta, hata wa Upanga, na wale wasichana wa zamani walikuwa sasa mama za watu, wamekuja na waume zao. Mwenye hoteli alikaa mbele, amevaa suti. Kinu kilipopandishwa jukwaani watu walicheka, wakidhani ni mapambo. Kitwana alikaa mstari wa mbele, na alipoona watu wanamnyooshea vidole alisimama, akaonyesha wale wanawake wawili, akaketi. Kilimgharimu bia nyingi kitendo hicho.

Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Wa tatu ulipoanza, kicheko kilikuwa kimekwisha. Michi ilikuwa inaongea, na ukumbi mzima uliisikia dramu ambayo miaka sita ulidhani unaijua. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kumbe ni wao." Pantaleo aliimba vizuri kuliko alivyoimba tangu azaliwe. Ubeti wa pili ukaisha. Watu wakanyanyua mikono.

Pantaleo alitikisa kichwa kutoa ishara.

Yeye na Urvish walinyamaza. Michi haikunyamaza. Candida alikuwa anamtazama Celina machoni, Celina anamtazama Candida, na kila mmoja anashusha mchi kwa zamu yake bila kupoteza hata punje ya muda. Mikono ya watu ilibaki juu, haijui pa kwenda. Pantaleo akaingia tena haraka, akarudia ubeti wa pili kana kwamba ndivyo ulivyopangwa, akatikisa kichwa. Michi ikaendelea. Akarudia mara ya tatu. Mara ya sita mwenye hoteli aliangalia saa. Wanawake walikuwa wanatiririka jasho, kanga zimelowa, kisamvu kimekuwa laini kama dawa ya meno, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza.

Pantaleo aliona mikono ya mkewe inaanza kutetemeka. Aliona kwamba Celina naye ameiona, na kwamba Celina, badala ya kufurahi, anapunguza nguvu ili kumpumzisha mwenzake, lakini hasimami, hawezi kusimama, kwa sababu akisimama atakuwa amekubali kosa ambalo hakulifanya. Wala mwenziwe hakulifanya. Mtu mmoja tu pale ukumbini ndiye angeweza kuwasimamisha, na alikuwa ameshika gitaa.

Akaliacha gitaa likaning'inia, akasogea kwenye maikrofoni.

"Hakukosa mtu zamu," alisema. "Siku ile nilipiga chafya. Tukaifuta chafya, na michi ikafutika nayo. Hakuna aliyesimama. Celina hakusimama. Mke wangu hakusimama. Ni chafya yangu."

Michi ikasimama.

Ukumbi ulikaa kimya, zaidi ya mapigo mawili, halafu kicheko kilianzia kwa Kitwana kikaenda hadi nyuma, watu wanashikana mabega, mwenye hoteli anajifuta kwa tai. Mansukhlal alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kiti. Pantaleo alisimama katikati ya kicheko kile akakipokea chote, kwa kuwa kilikuwa chake. Kisha watu wa mbele walimwona Candida, wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Miaka sita, Baba Severine," Candida alisema. Maikrofoni ilikuwa karibu, kila mtu alisikia. Alimgeukia Celina.

"Habari za msiba wa mama nilizipata siku ile ile," alisema. "Kanga nilishavaa. Nilifika mpaka mlangoni. Nikarudi nikaivua."

Celina alikuwa ameushika mchi kwa mikono miwili, ameuegemea.

"Pole na msiba, dada," Candida alisema.

Celina alishika ncha ya kanga yake, akajifuta jasho la uso, akafuta na macho, akachukua muda wake wote.

"Nimeshapoa," alisema. Halafu akachungulia ndani ya kinu. "Hiki kimeharibika. Kinataka majani mengine."

Fungu la pili la majani lilikuwa chini, kwenye ungo, halijachambuliwa. Urvish alimtazama Pantaleo, akingoja kiongozi wa bendi aseme nini kinafuata. Pantaleo alivua gitaa, akaliweka sakafuni, akapiga magoti mbele ya wale kina mama wa Upanga, akavuta ungo, na kuanza kuchambua jani moja moja. Kazi ile haikuwa ya haraka, na watu wakamngoja.